Kabureta Iliyofungwa na Baba

Mwaisha binti Rashidi hakuwa mtu wa kusema "tutajaribu." Gari likiingia gerejini kwake pale Morogoro, huinamisha kichwa akaisikiliza injini, kisha hutoa hukumu kama kadhi. Tangu macho ya baba yake, fundi Rashidi, yaingie ukungu na gereji kubaki mikononi mwa binti, walimwengu walingoja ateleze. Walimwengu hawana dogo.

Ndipo ikaja Pijo kuukuu ya Mwalimu Eustace wa Mlali. Ikienda polepole, shwari. Ukikanyaga mafuta ghafla, injini inagugumia na kupoteza nguvu, kisha ndiyo inakumbuka kazi yake. Juzi pale Mikese, mwalimu akiingia barabara kuu, iligoma katikati ya njia na lori likamkosakosa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hii ikishindikana, nampa Noordin wa vyuma chakavu aichinje vipuri. Siku hizi magari ya Japani yanashuka bandarini kama mvua."

"Haendi nayo Noordin. Itapona hapahapa."

Alikwisha kusema, na mafundi wa jirani walikwisha kusikia. Gari lisipopona, nani angemletea jingine? Akabadili plagi, akasafisha platini zinazokatiza umeme wa plagi, akasafisha chujio la petroli. Vipuri havikuwa tabu tena, maduka yalifurika. Gari likagugumia vilevile.

Ikabaki kabureta, kichanganya petroli na hewa, na kabureta hiyo ilifungwa na baba. Gerejini palikuwa na adabu moja: kilichofungwa na mzee hakifunguliwi. Mlinzi mkali wa adabu hiyo alikuwa Mwaisha mwenyewe. Akalizunguka gari, akijikasirikia. Mwishowe akajiambia kwamba heshima haiendeshi gari, akashika bisibisi.

Injini ikiwa imezimwa, alichungulia kooni mwa kabureta, akamwomba mwalimu akanyage mafuta. Palipaswa kuruka mchirizi wa petroli, ule unaoishibisha injini inapotakiwa mbio. Halikuruka hata tone. Ubavuni, kijiti kinachosukuma pampu ya mchirizi huo kilikuwa kimefungwa kwa waya, kwa fundo nadhifu la mkono anaoujua. Mwaisha aliona haya, kisha hasira, kisha akakata waya.

Mwalimu alilipeleka gari mpaka Kingolwira, akarudi anacheka kama bwana harusi. Mafundi wa jirani wakajitia wana kazi nyingi.

Kupona kwa gari lilikuwa jambo moja. Kumwambia mzee lilikuwa jingine. Jioni alimkuta nyumbani anakunywa uji.

"Baba, nimefungua kabureta yako. Ya Mwalimu Eustace."

"Ulikuta waya?"

"Niliukuta."

"Siku zile petroli ilikuwa ya foleni. Mwalimu aliniomba nimbanie matumizi, nikabana; mwenyewe keshasahau. Barabara zenyewe tupu, nani alikuwa na haja ya kukimbia?" Mzee akaweka kikombe chini. "Foleni zimeisha lini?"

"Zamani, baba."

"Na wewe siku zote hizo unapita pembeni ya kazi yangu kama unapita makaburini."

Mwaisha akavuta kigoda, akaketi karibu yake.

"Nusu ya magari ya mji huu nimeyafunga hivyo," mzee akasema. "Kesho anza kuyafungua. Na usije tena kuniomba radhi. Gereji ni yako."

Mwaisha alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Mzee, asiyeona vizuri, akamuuliza mbona kanyamaza.