Mikeka Miwili Uani kwa Bibi

Mwezi uliopita nilikwenda mtaa wa Buyenzi kutafuta kioo cha pembeni cha gari, nikajikuta nimesimama katika ua nilimokulia. Sikuutambua mara moja. Muuza spea alinipitisha vichochoro viwili, akasukuma geti la bati, na ndani kulikuwa na injini zimepangwa juu ya magunia, mafundi wawili wamelala chini ya gari, na harufu ya oili kila mahali. Nilipotazama sakafu ya saruji inayoteremka kuelekea mfereji, ndipo nikajua niko wapi. Nililipia kioo bila hata kuomba punguzo, nikatoka haraka.

Hapo, rafiki yangu, ndipo bibi yangu alipokuwa akilea watoto wa watu. Gariderie, nyumba za kulelea watoto mchana kwa malipo, zilikuwa mbali, kwenye mitaa ya wenye nacho. Akina mama wa Buyenzi waliokuwa na meza sokoni, au waliovuka mpaka kwenda kuchuuza, walimletea Bibi. Walifika asubuhi mapema, kila mtoto na bakuli lake. Bibi alipika uji wa ulezi kwenye sufuria kubwa nyeusi, na adhuhuri maharage yaliyoungwa kwa mawese, na ndagala, wale dagaa wa ziwani, siku za bahati. Nje, mafundi waligonga mabati kutwa nzima, hata watoto wachanga walizoea kulala katika kelele zile. Kazi yangu ilikuwa kutandika mikeka asubuhi na kuosha bakuli mchana.

Mimi sikuwa mtoto wa kuletwa wala kuchukuliwa. Mama yangu alifanya kazi mbali, mji wa Rumonge, akija mara moja kwa mwezi na kuondoka kesho yake. Kila jioni akina mama walifika getini, watoto wakakimbilia miguu yao, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikabaki mimi na mikeka ya kukunja. Kwa hiyo mchana ulikuwa mali yangu. Mchana nilikuwa na wenzangu ishirini.

Nilikuwa na miaka sita alipokuja mama mmoja kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, aliyepanga chumba mtaa wa pili. Alimshika mkono binti wa miaka minne hivi, mwenye macho makubwa na kovu kwenye paji la uso.

"Bibi, sitakuficha," alisema. "Mutoto wangu iko na kifafa. Kwingine kote walimukataa."

Bibi alimtazama yule mtoto. "Anakunywa uji?"

"Anakunywa."

"Basi mulete kesho."

Bibi alikuwa amefagia wodi za hospitali kwa miaka mingi kabla ya kuzeeka, na aliyoyaona huko hakuyasahau. Alitandika mkeka wa yule binti katikati ya ua, mbali na jiko na mbali na ukingo wa mfereji. Kisha akatukusanya sisi wakubwa akatufundisha. Akianguka, ondoeni kila kitu kigumu. Mumulaze ubavu. Musimutie kitu mudomoni. Muniite, halafu mungoje, atarudi.

Alianguka siku ya tatu. Tulifanya kama tulivyofundishwa. Bibi alikunja ncha ya kitenge chake akamwekea chini ya kichwa, akakaa kando yake akisoma dua kwa sauti ya chini, huku mwili ule mdogo ukitikisika. Yule binti alipofumbua macho, mtoto mmoja alipiga kelele, "Amerudi!" na wote tukapiga makofi. Tuliogopa siku mbili tu. Baada ya hapo tulimpenda. Alikuwa akicheka kabla hadithi haijafika panapochekesha, na mimi aliniita Yaya, jinsi wanavyomwita dada mkubwa kwao. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniita hivyo.

Waliokuwa na hofu ni wakubwa. Siku moja jirani yetu alichungulia getini akamkuta Bibi anampangusa yule mtoto povu.

"We, Bibi, usiguse ile mate!" alipiga ukelele. "Itawaambukiza watoto wote!"

"Hospitali nimeyapangusa miaka na miaka," Bibi alimjibu bila kuinua kichwa. "Unaniona nimeanguka?"

Lakini neno lilikuwa limeshatoka nje ya geti. Wiki ile hawakuja watoto watatu. Wiki iliyofuata hawakuja sita. Akina mama hawakugombana na Bibi, walimheshimu mno. Walipita tu upande wa pili wa barabara na watoto mgongoni, wakasalimia kwa mbali. Mmoja alikuja kumwambia wazi kwamba atarudi siku yule mtoto akiondoka. Bibi alimkaribisha uji, akamwambia yule mtoto haondoki.

Hatimaye asubuhi moja nilitandika mikeka miwili, wangu na wake. Ua ulikuwa mkubwa kuliko nilivyowahi kuuona. Sufuria kubwa ilikaa imefunikwa, Bibi akapika kwenye kisufuria kidogo. Wenzangu niliwasikia wakicheza nyuma ya ukuta kwa jirani, wakiimba nyimbo nilizowafundisha mimi mwenyewe. Nilipowaita kupitia tundu la ukuta, mmoja alijibu, "Mama amekataza." Yule binti alikuja akasimama kando yangu, akatia jicho kwenye tundu, akacheka, akidhani ni mchezo. Siku ile nilimchukia. Nakwambia kama ilivyokuwa.

Jioni mama yake alipofika, Bibi alikuwa ndani akisali magharibi. Nilimpa mfuko wa nguo za mtoto, nikasema, "Bibi amesema usimulete tena."

Alisimama. "Amesema yeye mwenyewe?"

"Ndiyo."

Alitazama mlango ambao nyuma yake Bibi alikuwa amesujudu. Nilidhani ataingia kumuuliza. Badala yake aliinama, akamfunga binti yake mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea, akasema, "Basi. Umwambie asanti." Yule binti alinipungia mkono mpaka walipokata kona.

Kesho yake Bibi alingoja. Kesho kutwa alinituma kwenye chumba chao, nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Mwenye nyumba alisema wamehamia Gatumba kwa dada wa yule mama. Na habari ya kuondoka kwao ilitembea haraka vilevile. Ndani ya wiki mbili mikeka ilijaa tena. Nilipata nilichokitaka, na sikujua nikifanyie nini. Tulicheza, lakini hakuna aliyeniita Yaya.

Mwezi ulipokwisha Bibi alivaa kitenge chake kizuri, akanishika mkono, tukapanda basi la Gatumba. Njia nzima nilitamani tusimpate yule mama. Tulimpata karibu na barabara, amepanga chupa za mawese juu ya meza. Hakusimama kutusalimia.

"Mbona uliacha kumuleta mutoto?" Bibi aliuliza.

"We mwenyewe ulisema nisimulete tena," yule mama alijibu. "Ulituma huyu."

Bibi aligeuza kichwa, akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena maishani. Haikuwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma barua, mpaka mwisho, kisha akamgeukia yule mama.

"Ndiyo," alisema. "Mi ndiye nilisema. Nilikosea. Nisamehe, mama."

Mama yule alipanga upya chupa ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. "Mi sikuchukii, Bibi. Lakini siwezi kurudisha yeye pahali walimukataa."

Bibi aliomba angalau amwone mtoto. Walimtoa ndani, kwenye chumba kilichofungwa kwa kamba kwa nje ili asitoke barabarani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa kuanzia vidole hadi kiwiko. Alikuwa ameanguka kwenye jiko la makaa, peke yake. Aliponiona alikimbia, akanishika kwa ule mkono mzima, akasema, "Yaya, umekuya!"

Bibi alikaa chini akawaonyesha wote wa nyumba ile, polepole, jinsi ya kumlaza, na akawaeleza hospitali inakopatikana dawa yake. Kisha tukarudi. Ndani ya basi nililia, naye aliweka kiganja chake juu ya kichwa changu na kutazama dirishani. Hakunigombeza siku ile wala siku yoyote. Aliendelea kulea watoto mpaka magoti yalipomshinda, na alipokuja tena mtoto ambaye wengine walimkataa, alimpokea. Lakini yule binti hakurudi.

Miaka mingi baadaye, mto ulipofurika na Gatumba kukaa ndani ya maji, nilikwenda kumtafuta. Nilipanda mtumbwi pale palipokuwa na barabara. Nyumba zilikuwa zimezama hadi madirishani, na watu niliowauliza kwenye mahema ya waliokimbia maji hawakumkumbuka muuza mawese kutoka Uvira, wala binti yake mwenye alama ya moto mkononi.

Bibi naye ametangulia. Katika ugonjwa wake wa mwisho nilianza mara tatu kuungama kwake jambo lile, na mara zote tatu aliomba maji, nami nikaenda kuyaleta. Alikufa akiwa ameubeba uwongo wangu kama wake. Yule mama, kama bado yu hai mahali fulani, anaamini mpaka leo kwamba ni Bibi aliyemfukuza mwanawe. Sina tena wa kumwambia kwamba nilikuwa mimi, ila wewe.