Usaili wa Bobini

Fundi aliapa mbele ya wateja watatu kwamba mjukuu wake hatakanyaga chekechea kabla hajang'oka jino la kwanza. Akapiga meza kwa ngumi, chaki zikaruka, na wateja wakaitikia kwa vichwa, maana nguo zao zilikuwa bado mikononi mwake na hakuna aliyetaka ubishi.

Alikuwa na sababu zake. Mwaka uliopita alishona majoho ishirini na mawili ya mahafali ya chekechea ya mtaa wa pili, majoho meusi na kofia za pembe nne, kila moja urefu wake haupiti foronya. "Wamehitimu nini?" alikuwa akimwuliza kila aliyeingia dukani. "Mmoja alinikojolea nikiwa nampima. Eti msomi huyo!"

Mjukuu mwenyewe alikuwa wa kike, miaka mitatu na miezi miwili. Mama yake, muuguzi wa zamu, alikuwa akimwacha dukani tangu hajaanza kutambaa. Wateja walimwita Bobini, kama kile kidude cha uzi wa chini kwenye cherehani, kwa kuwa alikuwa mdogo, wa mviringo, na hakai akatulia. Alichambua vifungo kwa rangi, na mteja akija kupimwa alimwambia maneno aliyoyaokota kwa babu yake: "Usizuie pumzi, mama. Nguo haidanganywi." Kisha humzungushia futi ya kupimia na kutangaza, "Arobaini na nane!" Kwake yeye kila kitu kilikuwa arobaini na nane: shingo, mguu wa meza, hata paka wa jirani.

"Baba, wenzake wanasoma," binti yake alimwambia jioni moja, viatu vya kazi bado miguuni. "Mtoto wa bosi wangu ana miaka mitatu na anaandika jina lake."

"Analiandika ili iweje? Anasaini mkataba?"

"Baba!"

"Mtoto anajifunza kwa kuishi, mwanangu, si kwa kufungiwa darasani. Wewe ulianza shule na miaka saba, na leo unachoma watu sindano."

"Nilianza na saba kwa sababu hukuwa na ada, baba."

Fundi alikanyaga cherehani kwa nguvu, ingawa hapakuwa na kitambaa chochote chini ya sindano.

Sababu yenyewe hasa hakuisema, basi acha tumsemee. Tangu mkewe afariki, duka lile lilikuwa kimya kama kabati, mpaka alipoletwa Bobini. Bobini akienda shule, Fundi angebaki na cherehani, na cherehani haiulizi "Babu, kwa nini?" mara mia kwa siku. Mzee aliogopa. Majoho yalikuwa kisingizio tu.

Binti alimwomba jambo moja. Siku ya usaili wa chekechea yeye angekuwa kazini, kwa hiyo babu ampeleke mtoto. "Akikataliwa, sitalitaja tena mpaka afike miaka mitano." Fundi alikubali upesi mno kwa mtu mwenye kiapo. Alijua hajamfundisha mtoto herufi hata moja, na siku tatu zilizobaki akahakikisha hamfundishi.

Ofisini, Mwalimu Mkuu, mama mpana, mpole, mwenye miwani, alimpa Fundi kiti pekee kilichobaki, cha kitoto. Magoti yakamfika kidevuni. Bobini alisimamishwa mbele ya meza, akaonyeshwa kadi nyekundu.

"Hii ni rangi gani, mwanangu?"

Bobini aliisogelea, akaikunakuna kwa kidole. "Si damu ya mzee. Damu ya mzee imeiva zaidi."

"Na hii?" Kadi ilikuwa nyeupe.

"Hiyo inachafuka upesi, mama. Chukua kahawia."

Fundi alikohoa ili asicheke. Zikaja herufi. A, Bobini alisema ni ngazi. E ilikuwa kitana. Kwenye O alichoka na usaili, akamvuta babu yake futi shingoni, akaizunguka meza.

"Simama nikupime."

Mwalimu Mkuu alikuwa ameona mengi katika kazi ile, akasimama. Bobini alimkumbatia nyonga na futi yake, mpaka mikono ilipofika. "Usizuie pumzi, mama. Nguo haidanganywi," akasema, kisha akatangaza hadi karani wa nje akasikia: "Arobaini na nane!"

Mwalimu Mkuu alimtazama Fundi. Fundi, ambaye jicho lake halikukosea kipimo tangu ujana, alitazama dari. Safari hii mtoto alikuwa amepatia.

"Ni mwerevu sana, mzee," Mwalimu Mkuu alisema, akikaa taratibu. "Lakini darasa letu linaanza na herufi, na yeye hajui hata moja. Mrudishe akifika miaka mitano."

"Tutafanyaje, mwalimu," Fundi alijibu kwa uso wa msiba, moyo ukimcheza ngoma.

Walipotoka nje watoto walikuwa mapumzikoni, uwanja mzima. Bobini aliganda. Hakuwahi kuona watu wengi kiasi kile wa kimo chake. Akamwendea msichana mmoja aliyekuwa na mpira, akampa mkono. "Habari za kazi?"

Msichana alimtazama, akamrushia mpira. Ukamgonga tumbo, ukaanguka. Bobini aliutazama pale chini, akamgeukia babu yake.

"Babu, huyu anataka nini?"

"Anataka mcheze."

"Tunachezaje?"

Fundi alikuwa na jibu la kila swali la Bobini, hata kama ni la uongo. Lakini marafiki wote wa mtoto huyu walikuwa na magoti mabovu, na mazungumzo yao ni presha na kodi ya nyumba. Angejifunza kucheza na nani? Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Mrudishie," alisema hatimaye.

Bobini aliusukuma mpira. Ukarudi. Akausukuma tena, ukarudi na watoto wawili nyuma yake. Mara ya nne alicheka, na hakikuwa kile kicheko cha dukani, kifupi, cha kushika kiuno. Alipiga kelele ya furaha mpaka akakaa chini mchangani. Miaka mitatu, na Fundi hakuwahi kuisikia.

Angeweza kumshika mkono wakaondoka. Alikuwa ameshinda. Badala yake alirudi ofisini bila kubisha hodi.

"Mwalimu, mchukue."

"Mzee, nimekueleza, herufi..."

"Herufi hazitahama, mwalimu. Hapa nje wanakaa muda gani?"

"Nusu saa."

"Basi mchukue kwa hiyo nusu saa." Fundi alikaa kwenye kile kiti kidogo bila kukaribishwa. "Nimekuja hapa nikiomba afeli. Nimeomba kwa moyo wote, niepuke kubaki peke yangu dukani. Mimi ndiye ninayemzuia."

Mwalimu Mkuu alivua miwani. "Kila mwaka nawaambia wazazi mtoto wa miaka mitatu anahitaji mchanga," alisema. "Wananiuliza daftari liko wapi. Wewe ndiye wa kwanza kuuomba." Akachukua kalamu, akalikata jibu la kumkataa alilokuwa ameandika. "Aje asubuhi, acheze. Leo mwache hadi saa sita."

Fundi alitoka kuaga. Aliita mara mbili, na Bobini alipokuja alikuwa na mchanga hadi kwenye nyusi, anahema.

"Nitakurudia saa sita. Utamlilia babu?"

Bobini alitazama nyuma, wenzake walikuwa wakimwita. "Babu, wewe nenda tu," alisema. "Mimi nina watu."

Fundi akaenda. Njiani alilia, mtu mzima na ndevu zake, na muuza magazeti alipomwuliza kulikoni, hakusingizia vumbi.