Mistari ya Kiini cha Galaksi

Habari ilinifikia kutoka mtaa wa Dilala: fundi niliyefanya naye kazi katika maabara ya madini amefariki. Jina lake silitaji. Siku hizi, wanasema, kuandika ni ruhusa hapa Zaïre, lakini mimi bado naandika mlango ukiwa umefungwa.

Kazi yake ilikuwa kuunguza unga wa mawe kwa cheche ya umeme na kupiga picha ya nuru yake. Kwenye kioo cha picha ilitokea mistari, huu wa shaba, ule wa kobalti, na mstari ukikolea ujue madini ni mengi. Mimi karani niliandika majibu. Siku moja akanichorea kwenye karatasi mistari mingine, aliyoiona katika jarida la Kifaransa, ya gesi inayozunguka kiini cha galaksi ya mbali. Mistari hiyo ni mipana, alisema, kwa sababu gesi inakwenda kasi ya kutisha. Na inapokolea, kiini chenyewe kinawaka kushinda nyota zote zinazokizunguka. Jamani, nilifurahi kama mtu aliyepandishwa cheo. Nilimwomba anieleze tena na tena, mpaka nikaijua yote kwa moyo.

Baada ya vita vya waasi waliovuka mpaka, karatasi yoyote isiyoeleweka ilikuwa hatari. Watu wa usalama waliingia maabara wakaikuta ile yetu mezani, mistari na namba pembeni. Wakasema ni siri za adui. Fundi alieleza, hawakumwamini. Mkubwa wao akanigeukia, akaniita mwananchi kwa Kifaransa, kama ilivyokuwa amri.

"Citoyen, na weye unajua hii bitu?"

Niliwafikiria mke wangu na watoto.

"Mi sijue kitu."

Wakaondoka naye. Alirudi baada ya majuma kadhaa, amekonda, masikio yake hayasikii tena. Hakunilaumu hata siku moja. Kila asubuhi alinisalimia kwa mkono, nami niliiogopa salamu ile kuliko bunduki.

Juzi kwenye kilio, binti yake alinitolea karatasi kutoka ndani ya Biblia. Baba yake alikuwa ameichora upya mistari ileile.

"Tata, hii mistari ni ya nini? Papa alikuwa anasema ni weye tu unajua."

Kwanza nilitazama mlango. Miaka yote hii, na bado natazama mlango! Kisha nikamweleza, mstari kwa mstari, karibu na jeneza. Ndugu msomaji, ukiulizwa unachokijua, jibu siku ileile, hata ukitetemeka. Mimi nimejibu juzi, na aliyelihitaji jibu langu alikuwa amelala pale.