Wanawake wa Mtoni

Rispah alipohama na waajiri wake kutoka Suwaidi, Riyadh, hadi Aziziya, Jeddah, alikuta sebuleni picha kubwa ya wanawake wakioga mtoni, jua limepenya kwenye majani na kuwamwagikia migongoni. Ukiisogelea ilikuwa madoa matupu ya rangi. Ukirudi nyuma, maji yanatembea.

Asubuhi moja mwajiri wake, madam Hanan, alimkuta amesimama mbele ya picha hiyo, kitambaa cha vumbi mkononi. Rispah alidhani atagombezwa.

"Unaangalia nini?"

"Huyu anayemsugua mwenzake mgongo, madam. Mama alinisugua hivyo katika Mto Kuja, kwetu Migori. Tangu nije huku sijaingia majini."

Madam akaisogelea picha. "Yalla, haya, Ijumaa twende baharini."

Wakaenda, ufuo wa wanawake. Rispah aliingia na dera lake hadi kifuani, maji yakamwinua. Madam, aliyekuwa ameketi mchangani, akavua viatu akamfuata, akamshika mkono kwa kuogopa mawimbi.

Jioni Rispah alimpigia mama yake simu Migori. "Leo nimeoga, Mama, na sikuwa peke yangu."

Mama akamshukuru Mungu kwa Kijaluo, naye Rispah akaitikia amina.