Fausta na Mjomba Aliyemtambua

Fausta wa Teresia hakuipata kazi yake kwa bahati, na wanaosema alibebwa na mjomba wake hawajui wanachosema. Aliyebebwa hamfanyii mbebaji alichokifanya yeye.

Alizaliwa Mabwerebwere, huko Kilosa, baba yake akafariki angali ananyonya. Kwa watu waliotoka milimani, kama wao, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Kwa hiyo mzee Yared, kaka yake Teresia, ndiye aliyempeleka shule, ndiye aliyekaa mbele kanisani siku ya kipaimara, na ndiye aliyesema binti asome kompyuta wakati Teresia anang'ang'ania unesi.

Akasoma, akapata stashahada Morogoro. Kurudi akaona kompyuta peke yake haitoshi. Alichotaka ni usalama wa mtandao, kuwazuia wale wezi wanaoingia kwenye mifumo ya watu bila kuvunja mlango. Mwalimu wa jambo hilo Kilosa hakuwepo, akajifundisha. Alikaa na laptop yenye kioo kilichopasuka, akisoma jinsi mashine zinavyosemezana, akijenga mtandao mdogo humo chumbani, akiuvunja mwenyewe na kuutengeneza upya. Akafanya mtihani wa cheti kinachotambulika nje ya nchi, akafaulu. Majirani wakasema mtoto wa Teresia anashinda anachezea simu.

Kazi zilipotangazwa, zilitaka shahada. Zisizotaka shahada zilitaka uzoefu wa miaka mitatu.

"Huo uzoefu unauzwa duka gani?" Teresia akauliza. "Hawakuajiri mpaka uwe umeajiriwa? Watu hawa wana akili kweli?"

Mzee Yared alikuwa mapokezi kwenye hoteli moja ya watalii kule Mikumi, tangu enzi wageni wanaandikwa kwa kalamu. Akamsemea kwa wakubwa, Fausta akaitwa.

Aliyemsaili ni Innocent, mkuu wa kompyuta, kijana aliyeletwa kutoka Dar na viatu visivyojua vumbi.

"Vyeti nimeviona," akasema. "Mitandao unaijua, na unaandika vizuri, hata bosi asiyejua kompyuta atakuelewa. Lakini nusu ya kazi hii ni watu. Mwizi atahangaika na mashine kwa nini, wakati anaweza kumpigia mtu simu akapewa nywila? Sasa wapigie wafanyakazi wetu. Jifanye unatoka ofisi ya Dar. Niletee ripoti, nani katoa na nani kagoma. Ukiifanya vizuri, kazi ni yako."

"Wote?"

"Wote. Usiniambie humu yumo mtakatifu."

Fausta hakuwa na hofu na mjomba. Pasaka ya mwaka ule ule alikuwa amemkalisha barazani na kumwambia nywila hapewi mtu, hata bosi, na mzee akaitikia kwa kichwa. Akamweka wa mwisho, kama mtu anavyobakiza nyama kwenye sahani.

Mtunza stoo alitoa nywila hata kabla swali halijaisha. Msichana wa baa alimtukana: "Mwizi mkubwa wee, kamwibie mama yako!" Fausta akacheka, akaandika amegoma. Kisha akampigia mjomba, sauti ameifanya nzito.

"Habari za kazi mzee. Naongea kutoka idara ya kompyuta, Dar es Salaam. Tunahitaji nywila yako tukague mfumo."

Mara kicheko.

"Fausta! Sauti ya dada yangu nitaipotezea wapi mimi? Ndiyo wameshakupa kazi, eeh? Hata shikamoo umeisahau!"

Hapo angekata simu. Hakukata.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Haya, andika."

"Mjomba, subiri. Si nilikwambia usimpe mtu?"

"Mtu, ndiyo. Kwani wewe ni mtu? Wewe ni mpwa wangu. Andika bwana, wageni wananisubiri."

Akamsomea taratibu, herufi moja moja, kama anayemfundisha mtoto kusoma.

Fausta angeweza kuandika kwamba mzee amegoma. Nani angejua? Lakini anayedanganya kwenye ripoti ya kwanza, nani atampa funguo za nyumba? Na tusifichane, kazi aliitaka. Akaliandika jina, na chini yake akaongeza: alinitambua kwa sauti, mimi ni mtoto wa dada yake.

Innocent aliposoma akaupiga kalamu mstari huo. "Hii toa. Huo ndio wizi wenyewe. Watu wanaibiwa na wanaowaamini. Au mtihani wako haukuuliza?"

Uliuliza. Na Fausta alilipata swali hilo.

Mtunza stoo akaonywa, msichana wa baa akasifiwa. Mzee Yared, kwa kuwa mikononi mwake zilipita taarifa na kadi za wageni, akaambiwa akapumzike nyumbani. Fausta akapewa meza.

"Ungelificha jina lake," Teresia akamwambia.

"Ningedanganya, mama."

"Ungedanganya! Na ulipompigia ukajifanya mtu wa Dar, ulikuwa unasema kweli?"



Fausta akafunga safari kwenda Ulaya, si ile ya Wazungu bali kijiji cha Kilosa, ambako mzee alikuwa amerudi shambani. Akabeba sukari na sabuni. Akamkuta uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mjomba."

Mahindi yakaendelea kudondoka kwenye ungo. "Nani?"

"Mimi, Fausta."

"Nitajuaje?"

Fausta akacheka, akadhani hasira imeisha. Mzee hakucheka. Akanyoosha mkono. "Kitambulisho."

Ikabidi afungue mkoba atoe kile cha kazini. Mzee akavaa miwani, akasoma jina, akasoma cheo, akatazama picha, akamtazama usoni, akarudi kwenye picha. Akamrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu zote za mtu na mgeni.

"Sawa. Karibu, Afisa." Akamgeukia mkewe. "Mama, mletee afisa kiti."

Marahaba hakuipata siku hiyo, na hajaipata mpaka leo. Hilo la Afisa ndilo jina lake kwa mjomba.

Mwaka jana washenga walifika kwa Teresia kumposa Fausta, watu wa heshima kutoka Mvumi. Wakauliza, kama inavyotakiwa kuulizwa, mjomba wa binti yuko wapi wazungumze naye. Akatumwa mtu Ulaya. Yule mtu akarudi peke yake na maneno aliyopewa, akayasema huku anatazama chini.

"Mzee anasema afisa ana cheo, ajitolee idhini mwenyewe."

Washenga wakatazamana. Chai waliyowekewa waliinywa, maana si vizuri kuiacha. Kisha wakaaga.