Gari la Mama Mkwe Halina Kitu

Jina la Fundi Sikio hakupewa na wateja, ingawa ndivyo alivyopenda watu waamini. Alijipa mwenyewe. Tangu alipofungua gereji alikuwa na kawaida ya kuinua boneti, kufumba macho, kuinamisha kichwa juu ya injini inayonguruma na kutoa hukumu kabla hajashika spana. "Hii ni plagi." "Hii ni beringi ya oltaneta." Mara nyingi alipatia. Alipokosea alisema gari lina ugonjwa zaidi ya mmoja, na mteja akaondoka akimshukuru kwa kuugundua ule wa kwanza. Akiwa peke yake nyuma ya gereji, akinawa mikono kwa sabuni ya unga, alikuwa akicheka kila alipokumbuka jinsi lile sikio lilivyookolewa na mdomo.

Gari lililomtoa jasho bila kumpa jibu lilikuwa la mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Chumba chake cha mbele kilijaa vitambaa vya kaki na bluu, na kagari kake ka kijivu ndiko kalikosambaza sare hizo madukani. Alikuwa amekanunua kwa jasho la miguu yake, kama alivyopenda kusema, maana cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Sasa gari hilo lilikuwa limeota tabia. Asubuhi liliwaka vizuri. Mchana, likishapata joto, hasa kwenye foleni, lilizima ghafla na kukataa kabisa kuwaka tena. Mama mkwe alimpigia simu binti yake, binti akampigia mumewe gereji, na hapo ndipo adabu ilipoingia kuharibu kazi.

Maana Fundi Sikio, pamoja na maneno yake mengi, alikuwa mkwe mwenye adabu. Hakuweza kumtokea mama wa mkewe akiwa na ovaroli lenye grisi. Kila alipoitwa alinawa hadi viwikoni, akasugua kucha kwa brashi, akavaa shati safi alilolitundika nyuma ya mlango wa stoo kwa shughuli hiyo tu, akachana nywele, ndipo akapanda pikipiki. Alipofika alimkuta mama mkwe amesimama kivulini, na gari limepumzika vya kutosha. Alisalimia akiangalia chini, akaomba ufunguo, akapiga starta. Gari likawaka papo hapo, bila hata kukohoa.

"Halina kitu, mama," alisema, sikio likiwa juu ya injini.

"Lilikuwa limekufa kabisa, baba."

"Ndiyo, mama. Lakini kwa sasa halina kitu."

Zaidi ya hapo hakuuliza. Kumhoji mama mkwe barabarani kama mteja wa kawaida aliona ni utovu wa heshima, kwa hiyo maelezo yote alitaka yapite kwa mkewe kwanza. Alibadilisha plagi. Alibadilisha koili. Alibadilisha pampu ya mafuta, ingawa ile ya zamani ilikuwa nzima kuliko yeye. Kila mara gari lilimshukuru kwa siku chache, kisha likazima tena palepale penye jua.

"Mama anasema likishazima, akipiga starta, ule mshale wa mizunguko ya injini haunyanyuki," mkewe alimwambia siku moja wakila. "Umelala tu."

"Mwambie auache ulale. Umechoka."

Alicheka mwenyewe. Mkewe hakucheka.

"Sasa kama gari halina kitu, kitu kiko wapi?"

Mtu mwenye akili angesema hajui. Fundi Sikio alitafuna, akameza, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono kama bingwa anayetaka kusikilizwa vizuri. "Kitu kiko kwa dereva," alisema. "Mama ameanza kuzeeka. Anajisahau, anaachia klachi bila kujua, gari linazima. Halafu anapiga starta mpaka injini inalewa mafuta. Hayo ndiyo maradhi yote."

Lilikuwa neno la mezani, na kwake liliishia mezani. Kumbe mkewe alilala nalo, na asubuhi akamwambia kaka yake. Huyu shemeji mkubwa alikuwa mtu wa kupanga mambo na kuyafunga kwa kamba. Mikononi mwake "ameanza kuzeeka" liligeuka "si salama barabarani", na kabla wiki haijaisha uamuzi ulikuwa umeshapita: Jumapili familia ikutane nyumbani kwake, mama akabidhi ufunguo, na sare zitafutiwe dereva. "Tena fundi mwenyewe ndiye aliyesema," shemeji alimwambia kila mtu. Fundi Sikio alipolisikia neno lake likirudi, lilikuwa limevaa suti na tai, hata akashindwa kulitambua.

Angeweza kulikana. Lakini kulikana kungekuwa kukiri kwamba kagari ka kubebea sare kamemshinda, yeye aliyewahi kufufua malori. Akaona bora anyamaze. Kwa mara ya kwanza mdomo wake ulipumzika, na ulichagua wakati mbaya kuliko wote.

Jumapili mchana akatumwa kumleta mama na gari. Alimkuta amekwisha kuvaa, pochi kapakata, chupa kubwa ya maji ya kunywa miguuni.

"Naomba niendeshe mimi mpaka huko," mama mkwe alisema. "Nikishafika, mtachukua."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Kukaa mbele, bega kwa bega na mama mkwe, hakuthubutu, kwa hiyo akajikunja kiti cha nyuma, magoti kidevuni, akiwa amebanwa na mafurushi ya sketi za shule. Kwa vile alikuwa mgeni wa familia siku hiyo, lile shati safi lilikuwa limepigwa pasi mpaka kola ikamkwaruza shingo. Kutoka pale nyuma, kati ya viti viwili, aliuona vizuri mguu wa kushoto wa mama mkwe. Akaukodolea macho. Tena, aibu iliyoje, akaomba kimoyomoyo ukosee. Mara moja tu, klachi moja tu, aingie kwenye kikao kichwa juu.

Mguu haukukosea. Mama mkwe alibadilisha gia kwa utulivu wa mtu anayeongoza kitambaa chini ya sindano. Alipunguza mwendo mapema, akaangalia vioo, akapisha waliostahili kupishwa. Fundi Sikio, ambaye mwenyewe alikuwa akipita taa nyekundu na pikipiki huku akijiita dereva, aliacha kuomba.

Karibu na mzunguko mkubwa wakakuta foleni. Jua lilikuwa limekaa juu ya paa la gari, na injini ilikuwa imekwisha kupata moto wake. Mama mkwe aliweka gia huru, akainua mguu kutoka kwenye klachi, akashika usukani kwa mikono yote miwili. Gari likazima, bila kutetemeka wala kugugumia.

Fundi aliutazama ule mguu. Ulikuwa sakafuni, umetulia, hauna kosa.

Mama mkwe akapiga starta. Injini ilizungushwa kwa nguvu, lakini haikushika. Nyuma yao honi zikaanza, kisha matusi ya rejareja.

"Mguu wangu ulikuwa wapi?" mama mkwe aliuliza bila kugeuka.

"Chini, mama."

"Uliuona?"

"Niliuona."

Alipiga starta tena, na safari hii Fundi Sikio, kwa kuwa hakuwa na pa kuinamisha sikio, alilazimika kutumia macho. Ule mshale wa mizunguko ulikuwa umelala chini kabisa. Injini ikizungushwa ulitakiwa uruke kidogo. Haukutikisika hata unywele. Basi akili yake yote, iliyokuwa likizo kwa miezi, ikarudi kazini kwa aibu. Mshale usiponyanyuka maana yake gari halijui kwamba injini inazunguka. Na chombo cha kulijulisha ni kimoja, sensa ya krenki, kipande kidogo cha plastiki kilichojificha chini ya injini. Kikianza kufa, hufa kwa joto. Kikipoa, hufufuka. Kikipewa muda wa mtu kunawa hadi viwikoni, kusugua kucha, kuvaa shati na kuchana nywele, hufufuka vizuri sana.

Alitaka kucheka. Angecheka kweli, kama mama mkwe asingezungumza kwanza.

"Niambie ukweli, baba. Wewe ndiye fundi, sitakasirika." Sauti yake ilikuwa ya chini, na honi zilikuwa nyingi, ikabidi Fundi asogeze kichwa katikati ya viti. "Marehemu mama yangu alianza hivihivi. Alisahau jiko likiwaka. Akasahau njia ya kurudi nyumbani. Mwisho akanisahau mimi, akaniita dada. Uliposema kwamba kitu kiko kwangu, nikajua imefika. Sasa kila asubuhi, kabla sijatoka kitandani, nawataja wajukuu mmoja mmoja, nione kama wote wamo. Jana nilichelewa kumkumbuka mmoja. Nililia mpaka nikachelewa kazi."

Fundi Sikio aliona uchungu ambao hakuwahi kuuona juu ya injini yoyote. Kumbe aliponyima gari ugonjwa wake, aliuchukua akampa mtu mzima aende kulala nao.

"Naomba hiyo chupa ya maji, mama," alisema.

Akatoka, akaweka pembetatu nyuma ya gari, akainua boneti, kisha akalala chali kwenye lami ya moto na lile shati lake. Dereva mmoja akamwuliza kama amechagua hapo pa kulala. Fundi hakumjibu, na hilo pekee lilistahili kuandikwa. Alijisukuma chini ya injini, akapapasa nyuma ya gia boksi mpaka vidole vikaipata ile sensa, akaanza kuimwagia maji kidogo kidogo. Mengine yalimwingia puani na sikioni. Akaona ndiyo haki yake. Chupa ilipokaribia kwisha akatambaa nje.

"Piga, mama!"

Mama mkwe akapiga. Ule mshale ukaruka, injini ikashika.

Akarudi ndani, mgongo mweusi, kifua kimelowa, akasahau kabisa mambo ya nyuma na mbele, akaketi kiti cha mbele. "Ni sensa, mama," alisema. "Likipata joto inakufa, likipoa inaamka. Kesho asubuhi naweka nyingine. Ni gari. Ni gari tangu siku ya kwanza."

Mama mkwe aliingiza gia, akaondoka taratibu, na mpaka wanafika alikuwa akijipangusa uso kwa kiganja, mara shavu hili, mara lile.

Kwa shemeji mkubwa viti vilikuwa vimepangwa mviringo. Mkewe alimtazama Fundi Sikio kuanzia kola hadi viatu, akaziba mdomo. Shemeji alisafisha koo, akasema mama ni hazina, na kwa sababu ni hazina lazima alindwe, na kwamba fundi yupo awaeleze kitaalamu.

Fundi akasimama. Uongo ulikuwa tayari ulimini, mzuri, wa kitaalamu hasa: kwamba sensa imeharibika leo hii, njiani, na kabla ya leo ilikuwa nzima. Nani angejua? Heshima ya gereji ingebaki, na ufunguo wa mama ungebaki pia. Akawatazama, akamtazama mama mkwe aliyeshika pochi kwa mikono miwili kama anayesubiri majibu ya hospitali.

"Gari ni bovu," alisema. "Lilikuwa bovu tangu siku ya kwanza, na mama alinieleza ubovu wake, mimi nikacheka. Sikujua ugonjwa, nikaona haya kusema sijui, nikamsingizia. Mama hana kitu. Anaendesha kuliko mimi."

Shemeji mkubwa alibaki mdomo wazi, kwa kuwa mkutano wake ulikuwa umekwisha kabla haujaanza. Kisha mama mkwe akamwelekeza kidole mdogo wake, mama mdogo wa familia, aliyekaa karibu na mlango.

"Huyu hakusikia vizuri," alisema. "Sema tena, baba."

Fundi akasema tena. Watu wakaanza kucheka, naye akacheka nao, maana alistahili. Akaingia mke wa shemeji kutoka jikoni, na sinia la chai.

"Na huyu hakuwepo. Sema tena."

Safari hii walicheka mpaka mama mdogo akashika mbavu. Fundi Sikio naye alidhani anaadhibiwa, na akaona adhabu ni halali, akapaza sauti, akaongeza na madoido kidogo: alivyolala chini ya gari, maji yalivyomwingia sikioni. Alipofika kwenye "mama hana kitu" akamgeukia, kusudi amwone anavyofurahia kisasi chake.

Mama mkwe hakuwa akicheka. Alikuwa amemkazia macho, na midomo yake ilikuwa ikiyafuata yale maneno moja moja, polepole, bila sauti, kama anayewataja wajukuu asubuhi.

Fundi Sikio akaacha madoido, akavuta kiti, akaketi mbele yake, akasema tena, safari hii kwake peke yake.