Namna ya Kupata Nafasi ya Kwenda Mapangoni Ulaya, na Namna Nilivyoikosa

Naikumbuka vizuri siku ile. Ilikuwa Jumanne, kipindi cha Hesabu kimekwisha, vumbi la chaki bado linaelea darasani, nami nikamuua baba yangu kwa kalamu ya wino. Haikunigharimu nguvu yoyote. Kwenye fomu palikuwa na mstari wa jina la baba, na chini yake mstari mwingine: ikiwa amefariki, jina la mlezi. Nikaandika Ochwo, nikaongeza "marehemu", nikapuliza wino ukauke. Mzee wangu wakati huo alikuwa nyumbani Mwello, upande wa Uganda, mzima kabisa, anapalilia mtama na kuwatukana ndege.

Mwanangu, nakuita mwanangu ingawa nimekutangulia madarasa mawili tu, na ndevu zangu ukizihesabu utamaliza kabla kengele haijalia. Kaa chini hata hivyo. Nimesikia kwamba mwakani watachukua tena vijana wa kwenda ng'ambo kuingia mapangoni, na nimekuona ukitambaa chini ya vitanda vya bweni na mshumaa mkononi. Utaunguza godoro, utachapwa, na Ulaya hutaiona. Acha nikueleze namna nafasi hii inavyopatikana. Naijua, maana niliishika mkononi.

Unamfahamu Bwana Fito, mwalimu wetu wa Jiografia, Mzungu mrefu mwembamba aliyepewa jina hilo kabla hajamaliza kushuka kwenye treni hapo stesheni ya Tororo. Kwao, watu wazima wenye wake na akili hushuka kwa kamba ndani ya mashimo ya ardhi kutafuta kilichomo. Nilipomuuliza kilichomo ni nini, alijibu, "Giza, na maji." Nikamwambia vyote viwili tunavyo Mwello, aje tu, tutampa bure. Alicheka, na nadhani ndipo aliponipenda.

Mwaka huu chama chao kilikuwa kinakwenda kwenye milima ya Ufaransa, na kwa mara ya kwanza kiliamua kuchukua vijana wawili wa huku kwetu: mmoja wa upande wa Uganda, mmoja wa upande wa Kenya. Meli, viatu, koti la baridi, yote juu yao. Sijawahi kutaka kitu namna ile. Mimi ambaye mbali kuliko kote nilikuwa nimefika Busia, tena juu ya magunia ya pamba, nilianza kuota meli mchana, darasani, macho wazi.

Mazoezi hayakwepeki, na hapa sina mzaha. Kuna kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya reli, refu kama darasa na jembamba kama roho ya mpishi wetu. Nililipita kwa tumbo kila Jumamosi. Siku moja katikati yake nilikutana na mbuzi anayetoka upande wa pili, na hakuna kati yetu aliyejua kurudi nyuma. Tulitazamana. Hapo ndipo nilipojifunza kupumua polepole, kwa sababu nikipumua kwa nguvu naye anapiga kelele. Bwana Fito alipotupeleka kwa lori hadi mapango ya Mlima Elgon kutujaribu, tulikuwa vijana kumi na wawili, na mwenzetu mmoja alilia popo walipompiga usoni. Mimi niliwaimbia popo wimbo wa kanisa. Nilipenya mahali ambapo kichwa lazima ukigeuze upande ndipo kipite. Nilipotokea upande wa pili Bwana Fito aliandika kitu kwenye daftari lake, akanigonga begani. "Petro, wewe iko kama nyoka." Kwetu hilo ni tusi. Kwake ilikuwa sifa, na nililala nayo wiki nzima.

Laiti ningeishia hapo, mwanangu! Nafasi ya Uganda ilikuwa yangu. Nilichotakiwa ni kujaza fomu moja na kwenda kucheza mpira.

Lakini unatujua sisi watu wa mpakani. Nani kwetu ana upande mmoja? Chanjo tunachomwa ambako foleni ni fupi. Kodi ikitafutwa huku, kila mwanamume anakumbuka kwamba ana dada aliyeolewa kule. Mimi mwenyewe upande wa Uganda ni Petro, na kwa shangazi yangu Nyadoi, Busia upande wa Kenya, ni Yohana, kwa sababu katekista wao alikataa kuamini kwamba nilikuwa nimeshabatizwa, akanibatiza upya. Kwa hiyo nilipoona nafasi mbili, moja kila upande, akili ya mpakani ikaniambia nijaze zote mbili. Uganda wakinikataa, Kenya watanichukua. Kwamba ningekubaliwa kote kote, hilo halikunipitia kichwani.

Tatizo lilikuwa baba. Mtoto wa Kenya lazima awe na mzazi Kenya, au awe yatima anayelelewa huko. Baba asingehama, nami sikuona sababu ya kumsumbua. Nikamfisha. Kisha nikampelekea karatasi shangazi Nyadoi, dada yake wa tumbo moja, anayeuza samaki wakavu sokoni Busia na hajui kusoma.

"Ya nini hii?"

"Ya shule, shangazi. Weka dole hapa, kwamba wewe ni shangazi yangu."

"Hata hilo nalo linataka karatasi? Si waangalie tu hii pua yetu?" Akafuta magamba ya samaki kwenye kanga, akaweka dole.

Picha nilipigwa mbili, siku moja, kwa mpiga picha mmoja mjini Tororo: moja kichwa wazi, nyingine nimevaa kofia yake. Pazia la nyuma lilikuwa lile lile, limechorwa daraja na bata watatu. Nilijibadilisha uso vizuri sana. Bata sikuwakumbuka.

Fomu ya Kenya ilipitia kwa karani wa chifu, na karani huyo alikuwa mtu mwema. Wema wake ndio ulioniponza. Alipokwenda sokoni kununua samaki alimvulia shangazi kofia.

"Mama, pole kwa msiba wa kaka yako."

"Kaka yangu gani?"

"Ochwo wa Mwello. Nimeona kwenye karatasi yenye dole lako."

Shangazi aliacha samaki, akaacha viatu, akavuka mpaka akipiga mayowe ya msiba. Askari aliinua mti wa kizuizi bila kumuuliza neno. Akadandia lori la pamba linalokwenda Tororo, na dereva, Mwislamu mmoja wa mjini mwenye huruma, alikuwa akipunguza mwendo kila penye watu ili walisikie vizuri jina la marehemu.

Mimi nilikuwa nimekuja nyumbani kuchukua unga. Baba alikuwa juu ya paa la jiko anaezeka. Tukasikia kilio kinakuja kwa njia ya shamba, na mama, kama ilivyo desturi, akaanza kulia naye kabla ya kujua anamlilia nani. Baba akashuka haraka, nyasi zimemjaa kichwani.

"Nani? Nani amekufa?"

Shangazi alipomwona alikaa chini pale pale njiani. "Wewe!"

"Mimi nini?"

"Wewe ndiye umekufa!"

Baba akajitazama mikono. "Nani anasema?"

Shangazi akahema. Akafikiri. Maishani mwake alikuwa ameweka dole kwenye karatasi moja tu. Akageuza shingo polepole, akanitazama.

Ungetegemea nicheke, mwanangu. Ni mimi huyu niliyecheka kwenye ibada ya Ijumaa Kuu. Sikucheka; niliutua chini mfuko wa unga.

Kwetu, mtu akishaliliwa akiwa hai, haingii tena nyumbani mwake kama aliyetoka shambani. Hukaa nje mpaka mkubwa wa ukoo aje, achinje kuku mlangoni, amwite kwa jina lake, ndipo avuke kizingiti. Na mkubwa wetu wa ukoo alikuwa amekwenda Iyolwa kwa mazungumzo ya mahari. Siku tatu baba alikaa uani kwenye kigoda. Mvua ikinyesha anajisogeza chini ya ukingo wa ghala la mtama. Mama alimwekea chakula mbali kidogo, akarudi kinyumenyume bila kumgusa. Wapita njia walimchungulia kupitia ua, na watoto wao walimnyooshea kidole. Nilisubiri anipige. Nililala nikisubiri, nikaamka nikisubiri. Siku ya pili aliniita, nikapiga magoti mbele yake.

"Uliandika nimekufa kwa ugonjwa gani?"

"Hawakuuliza, baba."

"Hawakuuliza," akasema, akageuka kutazama mtama wake.

Hakusema kingine mpaka kuku alipochinjwa. Na hata baada ya hapo, si kwangu.

Niliporudi shuleni, fomu zote mbili zilikuwa mezani kwa Bwana Fito. Nilidhani kila upande una Mzungu wake. Kumbe anayejua mambo ya mapango, huku na kule, ni yeye peke yake. Alikuwa ameziweka picha bega kwa bega, bata kwa bata.

"Petro. Wewe iko watu wawili?"

Nilitaka kusema nina pacha. Neno lilifika mpaka kwenye meno, likagoma.

"Baba yako nakufa?"

"Hapana, bwana. Anaezeka jiko."

Akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Sikia. Ndani ya pango mimi haoni wewe. Iko giza. Wewe iko chini, mimi iko juu nashika kamba. Wewe nasema, mguu yangu iko mzuri, mimi naamini. Wewe nasema, vuta, mimi navuta. Kitu ingine hakuna. Neno yako tu." Nilitamani azichane zile karatasi. Hakuzichana. Alizikunja taratibu, kingo kwa kingo, kama mtu anayekunja nguo za mgonjwa. "Wewe natambaa kushinda wote. Mimi hawezi chukua wewe."

Nafasi yangu ilikwenda kwa yule aliyelia popo walipompiga. Bwana Fito alimuuliza, "Wewe naogopa?" Akajibu, "Naogopa sana." Basi hilo tu. Siku waliyoondoka nilisimama stesheni nikampungia mkono mpaka behewa la mwisho likapotea, na mkono ukabaki juu kwa sababu sikujua niupeleke wapi.

Nasaha zangu kwako, basi. Jaza fomu moja. Andika jina ulilonalo na baba uliyenaye, hata kama ananuka pombe, hata kama yuko upande usiofaa wa mpaka. Wakikuuliza unaogopa nini, sema. Umechoka, sema umechoka. Viwiko vitakomaa vyenyewe kwenye kalavati, na mbuzi atakufundisha kupumua, lakini hakuna zoezi la kurudisha neno ukishaliandika. Nimelitafuta. Nimemuuliza Bwana Fito kama naweza kuomba tena mwakani, akanitazama kwa upole, na upole ule ukanitosha kama jibu. Nenda wewe. Mungu akuteremshe salama na akupandishe salama, anayeshika kamba yako asisinzie, na huko baridini akupe wa kukuita kwa jina lako halisi.

Mimi nilirudi Mwello likizo ilipofika. Baba alinipita uani kana kwamba ananitafuta kwingine. Nikamfuata mama anakopepeta mtama, nikamuuliza kama baba amenisamehe. Hakuinua kichwa. Alisema hivi:

"Kwetu Lunyo wanamuuliza baba yako kama umeshafika Ulaya, naye anawaambia meli bado iko majini. Likizo hii usiende huko kwa bibi yako, wasikuone."